Kutia Bambo Kwenye Blogu

Nimestaafu. Nina miaka kumi na saba, nasoma kidato cha nne, na kiti changu katika duka la intaneti la Malindi, hapa Unguja, sasa anakikalia paka. Nyinyi wadogo zangu wa kidato cha kwanza mmefunguliwa chumba cha kompyuta cha skuli juzi tu, na nimewaona kwa macho yangu mkisoma blogu midomo wazi, kama mnaokaguliwa meno. Kwa hiyo kabla uzee haujanisahaulisha kila kitu, nawaachia niliyoyapata katika miaka miwili ya kazi ya kupima blogu.

Najua mtauliza kama hiyo ni kazi. Mimi pia niliuliza, nikasogezewa kiti.

Duka lilikuwa la Fadhil, mtoto wa ammi yangu. Lilikuwa na kompyuta tano: nne zinafanya kazi, na ya tano inazuia mlango usijifunge kwa upepo. Nilikuwa nakwenda pale baada ya skuli kujifanya nasoma. Siku moja akaingia Bi Mize, jirani yetu wa mlango kwa mlango, Mtumbatu wa kisiwa cha Tumbatu, aliyehamia mjini tangu ujana wake na mpaka leo anawaambia watu yuko mjini kwa muda tu. Mkononi alikuwa na kikaratasi alichoandikiwa na mwanawe, kina jina la blogu inayosema majani ya mstafeli yanatibu magoti.

"Hebu nifungulie hii, Samira. Nataka kujua, kweli au porojo?"

Nikaifungua. Mwandishi alijiita Daktari, bila kusema daktari wa nini. Nikateremka chini kidogo. Majani hayohayo yalikuwa yanatibu upara, yanarudisha mume aliyehama, na yanaongeza kasi ya vespa.

"Porojo, Bi Mize."

"Yote?"

"La vespa sina uhakika."

Kesho yake alikuja na shoga zake wawili. Wiki ya pili wakaanza kuja wanaume, ambao hawakuja kuuliza, walikuja "kuhakikisha". Fadhil akaniwekea kiti changu mwenyewe karibu na feni. Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Barua sikupewa, na mshahara ulikuwa soda, siku ambazo friji haikuzimika.

Aliyenifundisha kazi yenyewe ni babu yangu, Mzee Nassor, ambaye mpaka leo hajui blogu ni kitu gani. Anadhani zinakaa ndani ya ile kompyuta ya mlangoni. Babu alikuwa mpimaji wa karafuu katika ghala la bandarini, na ukutani kwetu, pale wenzenu wanapotundika picha za harusi, limetundikwa bambo lake. Bambo ni chuma kirefu chenye ncha, kimechimbwa mfereji kati. Unakichoma katika gunia, unakizungusha, unakichomoa, na mferejini kimekuja na karafuu za ndani kabisa bila ya gunia kufunguliwa.

"Mjanja hutia karafuu nzuri juu," Babu aliniambia nilipomlalamikia kwamba blogu zote zinaonekana nzuri. "Mdomoni mwa gunia kavu tupu, zinang'ara. Katikati anatia makonyo, vile vikonyo vitupu, na karafuu zilizolowa. Ukifungua ukanusa juu utasema mashaallah. Wewe usinuse juu. Tia bambo kati."

"Blogu haina kati, Babu."

"Kila kitu kina kati. Tafuta."

Nikatafuta, na ni kweli ina kati. Makala ya kwanza unayoikuta ndiyo kanzu ya Ijumaa ya mwenye blogu, kaipiga pasi. Wewe iache. Teremka mpaka makala za miezi iliyopita, siku ya Jumanne isiyo na jambo, uone alikuwa anaandika nini wakati hana wageni. Kama Jumanne ile ameandika kwa uangalifu uleule, huyo ni mtu. Kama amebandika picha ya gari si lake na kuandika "Maisha ni safari", funga, rudi nyumbani, kasaidie kuosha vyombo.

Babu aliniambia na jambo la pili siku ileile, nikalisikia kwa sikio moja, la pili nikiwa namsikilizia muuza aiskrimu. "Gunia ukilipitisha linapigwa alama yako. Likirudi kutoka huko lilikokwenda, halirudi kwa mkulima. Linarudi kwako." Nikasema naam, nikakimbilia aiskrimu.

Makosa nilifanya mengi, na nitawaambia machache ili mkiyarudia mjue si mapya. Kulikuwa na blogu ya kijana aliyejitambulisha kuwa mwenyeji halisi wa Paje, mzaliwa, mtoto wa mkulima wa mwani. Aliandika vizuri, sikatai. Kulikuwa na mahali nilikaribia kulia. Nikaipitisha, tena nikaichapa na kwenda kumsomea Babu. Nilipofika pale kijana alipokaa ufukweni kwao akitazama jua likizama baharini, Babu akanyanyua mkono.

"Paje hii yetu?"

"Naam, Babu."

"Jua linazama baharini?"

"Naam."

Babu akaweka kikombe chini. "Basi tutubu, mjukuu wangu. Jua likigeuza njia, muda umekwisha."

Paje iko mashariki. Jua la Paje linatoka baharini, halirudi huko. Yule kijana, kama aliwahi kufika, alifika kwa ramani, na hata hiyo aliishika juu chini. Tangu hapo, blogu yoyote mpya nilianza kuisoma pale inapozungumzia kitu ninachokijua mimi. Chwaka naijua, soko la Darajani nalijua, bei ya kachori naijua zaidi ya muuzaji. Mwandishi akiteleza kwenye kachori, sina sababu ya kumwamini kwenye mambo ya Ulaya.

Kosa la pili lilikuwa la urojo. Bi Mize alitaka upishi mpya wa mchuzi huo, nami nikampatia blogu tatu zenye upishi mmoja, neno kwa neno. Nikaona raha: mashahidi watatu! Nikamnakilia, naye akaenda kupika. Upishi ulitaka vikombe viwili vya chumvi. Bi Mize si mjinga, alitia kimoja.

Alirudi dukani na bakuli. Akaliweka juu ya kibodi yangu. "Onja."

Nikaonja.

"Mimi nimezaliwa kisiwani," alisema, "nimeanguka baharini mara ngapi sijui. Sijapata kuonja chumvi namna hii."

Nilipozirudia zile blogu, nikaona wote watatu wameandika "kama inavyoonekana pichani hapo juu", na picha iko kwa mmoja tu. Wale wawili waliibeba na sentensi ya picha bila picha. Basi hao si mashahidi watatu. Huyo ni shahidi mmoja na vivuli vyake viwili, na shahidi mwenyewe hajui kupika. Mkitaka kuwakamata wanaonakiliana, msitazame walipopatia, maana kupatia hata watu wawili wasiojuana wanaweza. Tazameni walipokosea pamoja.

La maoni ya wasomaji nilijifunza kwa Fadhil mwenyewe, ambaye naye alifungua blogu ya kutangaza duka. Baada ya muda mfupi ilikuwa na maoni kumi na moja. Mdau wa Kanada kasema hajaona duka kama hili. Mdau wa Uswidi kasema Fadhil ni kijana wa kupigiwa mfano. Mdau wa Japani kauliza kama Fadhil ameoa. Wadau wote hao niliwaona wakiandika, kwa sababu walikuwa wamekaa kiti cha pembeni yangu, wamevaa shati la Fadhil. Blogu nzuri ina angalau mtu mmoja chini anayebisha, na mwenyewe anamjibu bila ya kumtukana mama yake. Sifa tupu zinanuka.

Sasa nije kwenye jambo lililonistaafisha. Nimelizungukia hivi kwa sababu si jambo la kuliendea moja kwa moja.

Katika kichochoro chetu Sikukuu ya kumaliza Ramadhani haifiki nyumba zote siku moja, mnajua wenyewe. Wako wanaosubiri mwezi uonekane hapa kwetu na utangazwe redioni. Bi Mize ni wa redio. Wako wanaosema mwezi ukionekana popote duniani, na habari ikaja kwa njia ya kuaminika, inatosha. Babu ni wa popote. Na wala hawagombani. Mwaka mmoja nyumba yetu ilikuwa inakula biriani na ya Bi Mize imefunga, naye Bi Mize aliyapeleka mapazia yake kufuliwa kwa ajili ya harufu tu.

Zamani habari ya Babu ilikuja kwa simu za jamaa wa Maskati. Mwaka ule, magharibi ya Ramadhani ishirini na tisa, simu zilikuwa haziingii. Babu alikuwa barazani na wazee wa nyumba nne nyingine, wote watu wa popote, kila mmoja na kikombe chake cha kahawa. Akaniita.

"Samira!"

"Naam!"

"Nenda kwa Fadhil kaangalie."

Hapo mjue nilivyojiona. Wazee watano, nyumba tano, wanasubiri neno langu. Wadogo zangu, nilikwenda dukani kwa mwendo wa waziri.

Kulikuwa na blogu ya Mzanzibari mmoja anayekaa Maskati, blogu bora kuliko zote nilizopata kupima. Nilikuwa nimeichoma bambo mara mia na kila mara ilitoka kavu. Mtandao jioni ile ulikuwa unatambaa. Nikaandika "mwezi umeonekana" pale pa kutafutia katika blogu yake, nikangoja, ikaja picha ya sinia la halua, na chini yake: Mwezi umeonekana, kesho ni Sikukuu, Eid mubarak jamaa zangu wote wa Unguja. Chini ya hapo salamu za wasomaji, kama thelathini. Tarehe yeye huiweka mwisho kabisa wa ukurasa, na ukurasa ulikuwa bado haujamaliza kufunguka. Fadhil akasema, "Ngoja ufunguke." Nikamwambia ninawajua waandishi wangu.

Nikarudi.

"Umeonekana, Babu. Maskati."

Wazee wakaguna kwa furaha. Babu hakuguna. Alinitazama.

"Umetia bambo?"

"Nshatia, Babu."

Haya, hilo ndilo kosa. Mengine yote niliyowahadithia ni kutojua. Hili nilijua.

Bi Mize, mlangoni kwake, alikuwa na redio yake mapajani. "Redio haijasema," alisema.

"Redio yako haifiki Maskati, Bi Mize," nikamjibu, na wazee wakacheka, nami nikaona nimekuwa mtu mzima.

Asubuhi yake nyumba yetu ilinukia udi. Babu alikula tende tatu na kikombe cha kahawa kabla ya kutoka kwenda kusali, kama inavyopendeza siku ya Sikukuu. Mimi nilikula vitumbua vinne, kama inavyonipendeza mimi. Nataka mlijue hili: Babu aliwahi kulazwa hospitali katika Ramadhani na madaktari wakagombana naye kwa sababu ya funga. Siku moja ya mwezi ule kwake haina mbadala. Akatoka na kanzu mpya, na Bi Mize barazani kwake, anachagua mchele, akamwambia kwa adabu zote, "Eid mubarak, Mzee Nassor. Sisi huku bado tumo."

Wazee watano wakafika kwenye uwanja wa sala. Kulikuwa na mbuzi. Wakangoja. Hakuja imamu, hakuja mtu wa popote. Babu anasema walisimama pale muda mrefu wakitazamana, wananukia marashi. Mbuzi alikuwa anakula.

Nilimsikia akirudi kwa viatu vyake. Hakuingia ndani. Alikaa barazani, akavua kofia, akaiweka gotini.

"Samira."

"Naam, Babu."

"Bambo ulitia?"

Nilikimbia mpaka kwa Fadhil, nikampigia mlango mpaka akanifungulia huku anapiga mswaki. Asubuhi mtandao ulikuwa mwepesi. Ukurasa ukafunguka wote mpaka chini. Tarehe ilikuwa ya mwaka wa nyuma.

Na mngeniuliza nyinyi mlio kidato cha kwanza mngeniambia: dada Samira, habari ya robo saa iliyopita inapataje salamu thelathini, na mtandao hivi unatambaa? Na mimi ningewaambia hilo ni swali zuri sana, kwa nini hamkuwapo.

Nikarudi, nikasimama mbele ya Babu. "Ni ya mwaka jana. Na sikutia bambo. Nilisema uongo."

Hakupiga kelele. Ningependa apige. Aliingia ndani akasukutua mdomo, akatoka, akakaa palepale, hakula tena mpaka magharibi.

"Siku yangu nitailipa mwenyewe," alisema. "Hiyo ni baina yangu na Mola wangu, wewe huimo. Lakini gunia limerudi, Samira. Lina alama ya nani?"

"Yangu."

"Basi nenda. Nyumba nne."

Nikaenda. Mlango wa kwanza kulikuwa na sahani za pilau mezani na watoto wamevaa nguo mpya. Nikasema: habari niliyoleta ilikuwa ya mwaka jana, nilisema nimeihakikisha na sikuihakikisha, leo ni Ramadhani. Mzee wa nyumba ile aliangalia pilau, akaniangalia mimi, akaangalia pilau. Watoto wakavuliwa nguo mpya huku wanalia. Mlango wa pili nilisema maneno yaleyale. Wa tatu niliyasema nikitazama viatu vya mlangoni. Wa nne waliponiona tu wakasema, "Tushajua, mwanangu, sema umalize," na nikasema nikamaliza.

Nilipokuwa narudi, Bi Mize akaniita.

"Na mimi nambie."

"Wewe hukula, Bi Mize."

"Najua sikula. Nataka kusikia tu."

Nikamwambia. Alisikiliza mpaka mwisho, akachagua punje nne tano za mchele, akasema, "Haya. Magharibi njoo ufuturu kwangu. Sijatia chumvi nyingi."

Baada ya Sikukuu ya kweli Babu alilipa siku yake, na mimi nikalipa yangu siku hiyohiyo pamoja naye. Tulifuturu kwa tende tatu kila mmoja. Hatukuzungumza habari ya kompyuta. Dukani niliendelea kwenda, ila watu wakija "kuhakikisha" nilikuwa nawapa kwanza kiti, halafu nateremka mpaka mwisho wa ukurasa, kwenye tarehe, hata kama mtandao unataka tusali sala mbili hapo katikati. Wengine walichoka wakaondoka. Fadhil alisema nnaharibu biashara.

Ukapita mwaka. Ramadhani ishirini na tisa, magharibi, wazee walewale watano barazani, kahawa ileile. Simu haziingii. Mimi nilikuwa ndani, nimejificha nyuma ya kitabu cha jiografia.

"Samira!"

Nikangoja kidogo, pengine anamwita Samira mwingine.

"Naam."

"Nenda kaangalie."

Nilitoka nikamtazama. Mzee mmoja alikohoa. Babu alikuwa ameshaangalia upande mwingine, kama mtu aliyeagiza sukari dukani.

Sikwenda kwa mwendo wa waziri. Blogu ya Maskati nilingoja mpaka ikafunguka yote. Haikuwa na neno tangu Jumatatu. Nyingine mbili zilikuwa zinapiga kelele, mwezi, mwezi, kwa herufi kubwa. Sikuona nani kauona wala wapi, na wote wawili walikosea jina la mji mmoja kwa namna moja. Nikazitia bambo mara ya pili na ya tatu. Halafu nikafunga kompyuta, nikamwachia Fadhil kiti changu kabisa.

Nilipofika barazani wazee wakaweka vikombe chini.

"Sijui, Babu," nikasema. "Wanaosema umeonekana hawasemi nani kauona, na mmoja kanakili kwa mwenzake. Maskati hajaandika kitu. Sijui."

Hilo neno sikuwahi kulisema tangu nianze kazi. Lilitoka kama mfupa wa samaki.

Babu aliitikia kwa kichwa, akamimina kahawa iliyobaki chini. "Basi kesho tunafunga," aliwaambia wenzake, na wazee wanne wakaanza kutafuta viatu vyao.

Bi Mize kutoka mlangoni kwake, redio mapajani: "Ilisema hivyo hivyo redio tangu saa moja."

"Redio imesema," Babu alimjibu. "Huyu amepima."